Harusi Upande wa Misiba

"Umemweka mwanangu katikati ya majeneza, Faraji?"

"Sijamweka, Mama Hadijah. Nilijaribu kumweka. Akagoma kuingia."

"Kagoma mwenyewe! Mtoto ana akili kuliko wewe! Hina haijamtoka mkononi, unataka alale ubavuni mwa marehemu kumi na saba?"

"Mama Hadijah, lile ni faili tu."

"Faili ni baba yako!"

Ukuta wa kulia ukakohoa. Kuta za nyumba ile zilikuwa na tabia ya kukohoa. Zamani ilikuwa vila ya vyumba sita, ya mtu na familia yake, hapo Muaither, pembeni mwa Doha. Halafu akaja mjanja mmoja na mbao za jasi, akaigawa, akaigawa tena, mpaka vikapatikana vyumba ishirini na vitatu na jiko moja. Chumba cha Rukia kilikuwa chembamba kiasi kwamba akijigeuza kitandani, Mnepali wa chumba cha pili naye hana budi kujigeuza. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya kwa lugha nne.

Faraji alishusha macho kwenye kompyuta yake, ambayo ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi kwa sababu meza nyingine haikuwepo. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, watu wametoka msikitini, na jua la nje lilikuwa linachoma mpaka vivuli vyenyewe vinatafuta pa kujificha. Baada ya alasiri watu wangekuja kutazama harusi ya Hadijah, binti wa pekee wa Rukia, iliyofungwa Newala wiki tatu nyuma wakati mama yake yuko huku Doha, jikoni kwa watu, anakaanga sambusa za wageni wa madam. Rukia alikuwa keshapika pilau, keshavaa dera jipya, keshaalika watu thelathini katika chumba kinachochukua saba wakibana pumzi.

Na harusi haiingii kwenye diski ya jumuiya, na televisheni ya Rukia haisomi kitu kingine.

Hilo ndilo Rukia alilolijua. Kulikuwa na la pili asilolijua, na Faraji alikuwa amelikalia kama kuku aliyekalia yai la bata. Katika kuhangaika kumtafutia Hadijah nafasi, siku ya Jumatano, alikuwa amefuta mazishi ya baba yake Millicent. Yote. Vipande vyote vitatu. Na Millicent alikuwa mmoja wa wale thelathini.

Huyu Faraji watu walimwita Injinia. Kazi yake hasa ilikuwa kusimama. Alisimama miaka sita kwenye jengo moja la maduka kule Abu Hamour, mlango namba mbili, na kitu alichoajiriwa kukifanya ni kuwaambia watu kwamba mlango namba mbili hauingiliwi, waende namba tatu. Basi. Watu walimsikiliza, wakaenda namba tatu, na yeye akazidi kunyooka ndani ya sare kama mtu anayeongoza meli.

Uinjinia aliupata Ramadhani moja, kwa Rukia huyuhuyu. Televisheni ilizimika katikati ya futari. Watu kumi walikuwepo, na kila mmoja akatoa maoni yake: mmoja kasema ni joto, mmoja kasema ni hasidi. Faraji akainama nyuma ya kabati, akakuta waya umechomoka. Akauchomeka. Picha ikarudi, vigelegele vikapigwa, mama mmoja wa Lindi akatokwa na machozi. Kama angesema "waya ulichomoka", hadithi ingeishia hapo na leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini alifuta mikono kwenye suruali polepole, akaangalia dari, akasema: "Lilikuwa tatizo la mfumo."

Neno hilo lilimlisha miaka sita. Simu ikiganda, ni tatizo la mfumo. Redio ikikwaruza, ni mfumo. Kiyoyozi cha Rukia kilipoanza kulia kama mbuzi anayechinjwa, Faraji alikitazama kwa muda wa sahani mbili za wali, akasema mfumo wake una uchovu. Kiyoyozi hakijapona hadi leo. Wali haukurudi pia.

Na hiyo diski, ndiyo iliyompa cheo chenyewe. Maana huku watu hawaendi makwao wanapotaka. Likizo ni baada ya miaka miwili, na kwao watu wanaoa na kufa bila kuuliza kalenda ya kafili, yule tajiri aliyekushikia viza. Kwa hiyo huko nyumbani kila kitu kinapigwa video, video inapewa msafiri, na Ijumaa watu wanakusanyika kwa Rukia. Harusi inatazamwa kwa pilau na vigelegele. Msiba unatazamwa kwa chai ya rangi. Mfiwa anakaa kwenye kiti cha pekee, watu wanampa mkono wakiingia kana kwamba mwili uko chumba cha pili, na jeneza likishushwa wote wanalia, hata yule Mnepali wa ukutani ambaye hajui nani kafa. Ukishautazama ndipo umezika. Kabla ya hapo watu wanakuchukulia bado una maiti ndani.

Kabla na baada ya kutazamwa, kila kitu kinahifadhiwa kwenye diski ya jumuiya, nyeusi, ukubwa wa kipande cha mkate, inayolala ndani ya kopo la mchele la Rukia, imeviringishwa kwenye khanga. Faraji ndiye aliyeigawa sehemu mbili mwanzoni kabisa, kwa amri ya Rukia, ambaye hakutaka heri na shari zilale godoro moja. Sehemu ya kwanza akaiita FURAHA. Ya pili MISIBA. Millicent naye aliyaleta mazishi ya baba yake mwaka jana, akamkabidhi Injinia mkononi, akasema: "Niwekee tu. Sijawa tayari kuona." Yakawekwa. Mwaka mzima akawa anakuja kwenye harusi za wenzake, anaosha vyombo, anaondoka.

"Tena basi, uliniambia Jumanne kwamba Furaha imejaa," Rukia aliendelea, mwiko mkononi. "Nikasema sawa, Injinia atajua la kufanya. Kumbe la kufanya ndiyo hilo! Kumpeleka makaburini!"

"Misiba kuna nafasi kubwa, Mama. Giga arobaini. Harusi yenyewe giga sita. Nilikuwa namweka kwa muda tu."

"Kwa muda! Kaburini kwa muda!"

"Lakini hakuingia. Inaandika faili kubwa mno. Nikapunguza vitu." Hapo sauti yake ikateleza kidogo. "Vitu vidogovidogo. Bado haingii."

Kwenye kitanda, miguu ikining'inia, alikuwa amekaa Edith, Mkenya wa Webuye, yaya kwenye nyumba moja Al Wakrah. Alikuja mapema kusaidia kukata kachumbari, akaishia kula korosho za Newala zilizoletwa na video. Alikuwa amenyamaza muda wote huo, na Edith akinyamaza ujue anahesabu.

"Aki Faraji," akasema, "hebu bonyeza tena nione vile inaandika."

"Utaelewa wewe?"

"Nitaelewa ama sitaelewa, we bonyeza."

Faraji akabonyeza. Kidirisha kikatokea na maneno yake ya Kiingereza. Yeye kila siku alisoma mwanzo wake, pale panaposema faili ni kubwa mno, halafu akakifunga, kwa sababu Kiingereza kikizidi maneno matano kilimletea usingizi. Edith akasoma mpaka nukta ya mwisho.

"Inasema faili ni kubwa mno kwa mfumo wa faili wa hapo inapoenda. Mfumo, Injinia. Hujaona hiyo neno?"

Nyie, hebu fikirini. Mtu kasema mfumo miaka sita. Kasema mfumo kwa redio, kasema mfumo kwa pasi, mpaka kwa mguu wa Bakari dereva uliovimba kasema mfumo. Siku mfumo wenyewe umesimama mlangoni na jina lake kifuani, yeye anasema nafasi!

"Nilikuwa naelekea huko," Faraji akasema.

"Ulikuwa unaelekea wapi na wewe," Rukia akamkata. "Edith mwanangu, nieleze mimi. Huyu mwache."

Edith akaonyesha kabati la ukutani kwa ganda la korosho. "Mama, ona hiyo kabati yako. Iko na rafu kumi. Nguo umeweka, na nafasi bado iko mob, tele. Sasa chukua godoro. Litaingia?"

"Godoro kwenye rafu? Haliingii."

"Na nafasi si iko?"

"Ipo, lakini imekatwakatwa."

"Ndiyo hiyo. Hii diski iko na mfumo wa zamani, unaitwa FAT32. Inaeza jazwa vitu elfu, lakini kitu moja ikipita giga nne, haibebi. Hadijah ako giga sita."

"Mwanangu si mnene!"

"Si yeye, Mama, ni video. Huyo mpiga picha wa Newala alishika yote kitu moja, kutoka asubuhi mpaka watu wamelala. Wengine hukata vipande. Si mnakumbuka ile ya mzee wa Milli ilikuja vipande tatu?"

Faraji alikumbuka. Alikumbuka vizuri sana, kwa sababu alipovipokea mwaka jana aliwaambia watu kwamba wapiga picha wa Siaya ni wavivu, wanapiga kidogo, wanapumzika, wanapiga tena. Na Jumatano alivifuta kimoja baada ya kingine, akiwa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mlango namba mbili wakati wa mapumziko, halafu akaenda kulimwaga na pipa la takataka la kompyuta, maana alikuwa mtu wa usafi.

"Sasa dawa yake?" Rukia akauliza.

"Kubadilisha mfumo. Kuna mwingine unaitwa NTFS, huo unabeba godoro na kitanda chake."

"Kubadilisha si ndiyo kufomati?" Faraji akadakia, akijaribu kurudi kwenye kiti chake cha enzi. "Tukifomati vyote vinaondoka. Mimi siruhusu."

"Kufomati ni kutupa kabati yote nje na nguo zake. Mimi nasema kugeuza. Kuna amri unaandika mstari mmoja, inatoa rafu za zamani, inaweka mpya, na nguo ziko ndani vile zilikuwa. Binti wa madam anasomea mambo ya kompyuta chuoni, nimemuona akiifanya kwa macho yangu. Lakini yeye alianza na kuweka nakala kwa diski ingine. Nyinyi mko na nakala?"

Wakamtazama kama aliyeuliza kama wana farasi.

"Hamna. Sawa. Tutaomba Mungu."

Rukia akaweka mwiko chini, jambo ambalo alilifanya mara chache sana. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni. "Basi geuza, mwanangu. Geuza hapohapo penye nafasi, geuza huko Misiba. Jina tu mlibadilishe kabla mwanangu hajaingia. Huko paitwe Wageni. Au Sebuleni. Lakini Misiba siingizi mtu nikiwa hai."

Na hapo, jamani, Faraji alikuwa anakaribia kuokoka. Wangegeuza, harusi ingeingia, watu wangekula, na kuhusu mzee wa Millicent angesema diski ilipata virusi. Sentensi alikuwa ameshaiandaa. Aliifanyia mazoezi Alhamisi yote pale mlangoni, akiwaambia watu waende namba tatu kwa mdomo na kichwani anasema virusi, dada yangu, virusi vibaya.

Edith akavuta kompyuta kwake, akafungua Misiba.

"Ngoja. Bakari alisema mwezi jana hapa kumebaki giga thelathini. Sasa ni arobaini." Akateremsha orodha kwa kidole. "Bibi ya Scovia, yuko. Mjomba wa Job, yuko. Mama mdogo wa Shamira, yuko." Kidole kikasimama. "Faraji. Mzee wa Milli ako wapi?"

Kiyoyozi kililia. Ukuta ulikuwa umeacha kukohoa, ulikuwa unasikiliza.

"Hivyo vitu vidogovidogo ulivyopunguza," Rukia akasema polepole, "ni mzee wa watu?"

"Mama, nilikuwa najaribu kumwokoa Hadijah."

"Usimtaje mwanangu! Kumi na saba wamelala pale, kwa nini yeye?"

"Ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote." Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola ya sare. "Na pia... hajawahi kutazamwa. Hata mara moja. Mwaka mzima. Nikaona labda hahitajiki."

"Asiyetazamwa anafutwa?" Rukia akamkazia macho. "Na wewe, pale mlango namba mbili, nani anakutazama?"

Edith alikohoa korosho ikatoka. Hata Mnepali, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "pilipili", alisikika akisema "aah" upande wa pili.

Simu ya Rukia ikalia. Kwenye kioo: Millicent. Rukia akaipokea kwa sauti iliyobadilika ghafla, tamu kama tende, akaiweka spika.

"Mama Hadijah, niko kwa bas. Nimepita Abu Hamour. Nilikuwa nauliza, kama haitawaudhi... mnaeza anza na Baba? Kabla ya harusi. Leo imefika mwaka. Nimeambia Mama yangu huko nyumbani leo lazima nione, ndio aache kuniuliza. Nimebeba samaki."

"Njoo, mwanangu. Njoo tu."

"Mwambie Injinia asante. Vile amenitunzia."

Simu ikakatika. Faraji alikuwa anatazama vidole vyake kana kwamba si vya kwake, ni vya mtu, ameazimwa tu.

"Amwambie kaka yake kule Siaya alete tena," akasema kwa sauti ndogo.

"Alete nini?" Edith akasema. "Yule mpiga picha alifunga duka akaenda Nairobi. Kadi aliandika juu yake mazishi ya mtu mwingine. Milli aliniambia. Ilikuwa hii peke yake." Akajifuta mikono. "Lakini sikiza. Kama hujaandika kitu huko tangu Jumatano, mzee bado ako."

"Yupo wapi?"

"Hapohapo. Ukifuta, kompyuta inafuta jina tu kwa orodha. Mwili inaacha. Inasema tu, hapa ni wazi, mwingine akikuja alale. Kuna programu ya kuchimbua, binti wa madam ako nayo. Inaeza toa yote, inaeza toa nusu, sijui. Lakini kama hakuna mtu amelala juu yake."

"Hakuna aliyelala," Faraji akasema haraka. "Hadijah kagoma."

"Mungu ambariki mwanangu," Rukia akasema, akajishika kifua. "Nilisema ana akili."

"Kwa hivyo Misiba tusiguse hata kidogo. Kugeuza mfumo kunaandika vitu vyake humo humo, kwenye hiyo nafasi unaona ni wazi. Halafu mkishusha harusi juu, ndio mmemaliza. Mtakuwa mmecheza sindimba juu ya kaburi la mzee."

Hapo Rukia akakaa kitandani, na chumba cha pili kitanda kikalia. Alimtazama mwanawe aliyekuwa ndani ya kadi ya video, ndogo kuliko ukucha, alitazama sufuria ya pilau, akatazama saa. Watu thelathini. Wiki tatu hakulala akisubiri kumwona Hadijah akitoka ndani ya shela. Madam alikuwa amemwomba abaki leo Ijumaa kuna wageni, akakataa kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii.

"Basi Furaha," akasema. "Furaha mnaweza kugeuza bila kugusa huko kwingine?"

"Tunaeza. Kila sehemu iko na mfumo wake. Lakini Furaha imebaki giga mbili. Lazima kitu kitoke." Edith akafungua Furaha, akapanga kuanzia kubwa kwenda ndogo. Kisha akasoma kwa sauti ya hakimu anayefurahia kesi. "Harusi ya Faraji na Salma. Vipande nane. Giga kumi na moja."

Faraji akafunga kompyuta.

Rukia akaifungua.

"Kumi na moja!" akasema. "Nchi nzima inabanana humu, wewe umejitandaza kama sheikh!"

Ndoa yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa fupi kuliko video. Faraji alikwenda likizo ya siku arobaini, akamwoa Salma Muheza kwa shangwe ya siku tatu, akarudi kazini. Miezi saba baadaye Salma alituma ujumbe wa sauti wa dakika mbili na nusu, na nusu dakika ya mwisho ilikuwa salamu. Sasa alikuwa ameolewa na mwoka mikate, na shangazi yake aliyekuwa Doha alileta hata video ya harusi hiyo ya pili ili iwekwe kwenye diski ya jumuiya. Faraji aliishika mkononi, akaigeuzageuza, akasema mfumo haukubali.

Kila mwezi alikuwa akiichukua diski siku mbili, anasema anaenda kuipima afya. Alikuwa akipima kipande cha nne, Salma anaposhuka kwenye gari na kiatu kinamvuka, anacheka, anamshika Faraji bega asianguke. Dakika ya kumi na mbili. Alikuwa hatazami zaidi ya hapo.

"Mama yangu yumo," akasema. "Kipande cha tatu. Anacheza."

"Mama yako yuko hai Muheza, ana simu, ana miguu. Mpigie acheze."

"Mama Hadijah, ni kumbukumbu."

"Ya nani? Ya mke wa mwoka mikate? Na ya Millicent ilikuwa nini, takataka?"

Edith, ambaye kwa kawaida angeongeza lake, aliokota ganda la korosho sakafuni, akalizungusha kidoleni.

"Unaeza nakili kwa simu kwanza," akasema.

"Simu imejaa," Faraji akasema. Na hilo lilikuwa kweli. Injinia alikuwa na simu iliyojaa picha za mlango namba mbili wakati wa sikukuu, umewekewa taa. Akavuta kompyuta kwake. Akachagua vipande vinane. Kidole kikasimama hewani muda wa kutosha mtu kumenya kitunguu. Halafu akabonyeza, na safari hii pipa hakulimwaga mpaka Rukia alipomwambia alimwage, maana lisipomwagwa nafasi hairudi. Akalimwaga. Hakuna kilichotokea. Hakuna sauti, hakuna moshi. Giga mbili zikawa kumi na tatu.

"Haya," Edith akasema kwa upole uliomshangaza yeye mwenyewe. "Fungua kile kidirisha cheusi. Andika vile nakwambia."

Faraji akaandika mstari mmoja, kidole kimoja, Edith akimtajia alama kwa alama. Kompyuta ikawaza. Halafu, badala ya kuanza, ikauliza swali.

"Inataka nini tena?" Rukia akasema.

"Inataka uandike jina la sehemu yenye unageuza. Ndio ihakikishe hujakosea ukageuza ingine."

Ikabidi mwanamume huyo aandike, herufi kwa herufi, FURAHA. Rukia alitaka kucheka. Alifungua mdomo, akaona sikio la Faraji lilivyolowa jasho, akaenda kukoroga pilau ambalo halikuhitaji kukorogwa.

Kompyuta ikahesabu. Ikasema imemaliza. Wakafungua Furaha, wakakuta harusi za watu zipo kama zilivyokuwa, hakuna hata kidole cha bi harusi kilichopungua. Edith akaichukua kadi ya Newala, akaisukuma harusi ya Hadijah kuelekea Furaha, na wote watatu wakakodoa macho. Mstari wa kijani ukachomoza. Mbili kwa mia. Tano. Haukukataa.

Kigelegele alichopiga Rukia kilipita kuta kumi na moja. Kilijibiwa na Mnepali, Mfilipino mmoja na mtu wa jikoni aliyedhani Argentina wamefunga bao.

"Sasa Milli," Edith akasema.

Mstari wa kijani ukaendelea. Kumi na nne. Kumi na nane.

"Nitamwambia ni virusi," Faraji akasema.

"Utamwambia virusi nani?"

"Kwa leo tu. Wewe umpeleke binti wa madam diski, achimbue, wiki ijayo tunamwambia imepona."

"Na ikitoka nusu? Ikitoka kaburi bila jeneza?"

"Mwambieni baada ya pilau," Rukia akasema. "Mtu akishashiba anapokea."

"Leo ni mwaka, Mama! Amebeba samaki! Anataka kuanza na babake, hiyo pilau atakula aje?"

"Basi nani amwambie?"

"Si mwenye alifuta!"

"Mimi nimeshafuta na yangu!" Faraji akapaza sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haikuwa sauti ya Injinia. "Hamjaniona? Nimefuta na yangu hapa mbele yenu! Mnataka nifute nini tena?"

"Hiyo yako ulifuta ukijua," Edith akasema. "Ya Milli hukumuuliza. Kwa hivyo utafungua mdomo, utasema ni mimi, nilifuta, na pengine inaweza kurudi na pengine haiwezi. Usiseme mfumo. Ukisema mfumo nitakupiga na huu mwiko."

"Nitaanzaje?"

"Anza na jina lake."

"Millicent," Faraji akajaribu, akiwa ameutazama mstari wa kijani. Thelathini na moja. "Millicent, dada yangu, Jumatano mimi nili..."

Mlango ukasukumwa, na kwa vile chumba kilikuwa chembamba uligonga goti lake. Millicent alikuwa amesimama pale, jasho usoni, kitambaa cheupe kipya kichwani, sufuria ya samaki imefungwa kwa leso. Alimwangalia Rukia, akamwangalia Edith, akaona kiti cha mfiwa kimejaa sahani. Akazitoa mwenyewe, moja moja, akaziweka sakafuni, akakaa, akaunganisha mikono mapajani.

"Umenitaja, Injinia," akasema. "Niko hapa. Anza na ile ya kwanza."